Sentimita Mbili

Mtu akitumbukia tangini hawezi kujifunika. Sajenti Roda Mukonyo wa upelelezi, Kajiado, aliandika sentensi hiyo juu kabisa ya ukurasa, akaipigia mstari, kisha akachuchumaa kukitazama kifuniko chenyewe.

Kilikuwa cha chuma, mraba, kipana cha kumpitisha mtu mzima, na mpini wake ulikuwa nondo iliyopindwa. Alijaribu kukinyanyua kwa mkono mmoja, hakikupanda. Akatumia miwili, kikapanda. Chini yake maji yalikuwa meusi, yametulia. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, Mei 2008, na udongo mweusi wa Kisaju ulikuwa bado unashika viatu kama gundi, maana mvua ya masika ilikuwa haijaisha.

Aliyetolewa humo jana yake aliitwa Lazarus Munguti, umri miaka arobaini na mmoja. Mkewe, Evalyne, alikuwa amerudi Alhamisi kutoka Machakos kumtazama mamake, akakuta mlango wazi na mume hayupo. Akaenda kuchota maji ya kufulia, akanyanyua kifuniko. Ripoti ya mochari ilikuwa mistari minne: jeraha kisogoni, mfupa haukuvunjika, maji mapafuni, amekufa Jumatano kati ya saa nane na saa kumi na moja mchana.

Roda aliisoma kama mtu anavyosoma bei ya sukari. Tangu ghasia za Januari alikuwa ameandika habari za maiti wengi kiasi kwamba kalamu ilikuwa inaijua njia yenyewe.

Ndoo ilikuwa imening'inia kwenye msumari wake ukutani, kavu. Kando ya tundu la tangi ililala fimbo ndefu iliyochorwa alama za wino kutoka chini hadi juu.

"Hii ni ya nini?" aliuliza.

Evalyne alikuwa amesimama hatua chache nyuma, leso imefungwa kifuani. "Ni ya kupima maji. Kila Jumatano alikuwa anapima imebaki ngapi, anaandika kwa kitabu. Alikuwa mtu wa kupima, madam. Miaka tisa alikuwa anapima samaki huko Pwani. Akirudi hapa, anapima maji."

Simu ya Roda ikalia. Alikuwa Inspekta Wanyama, mkubwa wake.

"Roda, yule jirani, Kakuta, yuko kwa seli. Wamegombana juu ya mpaka tangu mwezi wa tatu. Hata chifu anajua. Unatafuta nini tena huko?"

"Kifuniko, afande."

"Kifuniko imefanya nini?"

"Imefunikwa."

"Nakupa mpaka Jumatatu. Jumatatu Kakuta anaenda kortini."

Roda aliingia ndani ya nyumba. Vyumba viwili, sakafu ya simiti, kila kitu mahali pake. Alimwomba Evalyne asimame katikati ya sebule, atazame polepole, aseme ni kitu gani hakipo.

Evalyne alitazama. Ilimchukua dakika nzima.

"Ubao," alisema. "Ubao yake ya samaki. Ilikuwa inakaa hapa nyuma ya kiti."

"Ubao gani?"

"Unalaza samaki juu yake, unasoma urefu. Mradi wa samaki ulipofunga kazi mwaka jana, waliwaachia hizo mbao. Alirudi nayo kama mtu amepewa zawadi." Aliinama chini ya meza akatoa kopo la mafuta ya kupikia lililojaa misumari. "Lakini kichwa yake iko. Ilitoka mwezi uliopita akiwa anaisafisha."

Alimpa Roda kipande cha mbao, kinene kama kidole gumba, kirefu kama kiganja. Ndicho kilichokuwa kimepigiliwa mwanzo wa ubao, ili samaki akilazwa, pua yake ikigusa hapo, mkia usomwe upande wa pili. Roda alikigeuza. Chini yake kulikuwa na gundi iliyokauka, na juu ya gundi kipande cha utepe wa manjano wa kupimia, kimechanika pale ukingo wa mbao ulipoishia. Kilikuwa na namba moja. Na pale pale kwenye ukingo, namba mbili.

"Hii ilipotoka, alisema nini?"

"Hakusema. Aliiweka hapa kwa meza. Akawa anaiangalia. Chakula nikimwekea, kinapoa. Siku ya tatu akaniambia, 'Evalyne, nitaenda kwa Ann.' Nikamuuliza kwa nini, akasema ni mambo ya kazi."

"Ann ni nani?"

"Daktari Ann Wanjira. Ndiye mkubwa wa hesabu ya samaki. Anakaa hapa Kitengela. Tulikuwa kanisa moja, ndiye alimpatia Lazarus kazi." Akaongeza, kama mtu anayetoa chenji, "Hata hizo mbao zilitengenezwa hapa Kitengela. Kwa Ngigi, yule wa majeneza."

Roda alifunga kile kipande kwenye karatasi. Akachukua pia faili moja ya kijani iliyokuwa juu ya kabati, kwa sababu jina la ufuo wa Pwani, Jiweni, lilikuwa limeandikwa mgongoni mwake.

Karakana ya Ngigi ilikuwa nyuma ya stendi, Kitengela, majeneza upande mmoja, milango upande mwingine. Mwenyewe alikuwa mzee mfupi, penseli sikioni, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Roda alimwonyesha kile kipande, na Ngigi hakukisogelea.

"Hiyo ni yangu," alisema. "Nilitengeneza sita. Mwaka wa 2004. Mama wa samaki aliniletea picha amechora kwa karatasi, na tepu sita."

"Ulizibandika vipi?"

"Tepu nilianzia kwa mwisho wa mbao, nikabandika mpaka huko. Halafu nikaweka kichwa juu yake, nikapiga gundi na misumari."

"Juu ya tepu."

"Juu ya tepu. Picha haikusema kichwa ikae wapi."

Roda alichukua ubao uliokuwa umelala mezani, akaweka rula yake juu, akaweka kile kipande juu ya mwanzo wa rula. Namba ya kwanza kuonekana ilikuwa mbili. Akalaza kalamu, ncha ikigusa mbao, akasoma. Kalamu ya sentimita kumi na nne ilikuwa imegeuka ya kumi na sita.

"Na mbao zote sita ziko hivi?"

"Zote. Mimi sifanyi moja hivi na ingine vile." Ngigi alitoa penseli sikioni akairudisha. "Madam, hii swali si wewe wa kwanza. Lazarus alikuja hapa, wiki mbili zimepita. Nikamjibu vile nimekujibu. Akakaa hapo kwa benchi mpaka nikafunga kazi. Nikamwambia, kwani sentimita mbili ni nini? Kwa mlango hiyo unapiga randa tu."

"Akasema nini?"

"Akaniambia asante."

Roda aliingia kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, akaagiza chai na mandazi, akafungua faili ya kijani. Ndani mlikuwa na kumbukumbu za mikutano ya kamati ya wavuvi wa ufuo wa Jiweni, zilizoandikwa kwa mwandiko wa Lazarus mwenyewe, maana ndiye aliyekuwa katibu. Alizisoma kwa mpangilio wa tarehe. Hakuwa na haraka.

Mwaka wa 2004 wavuvi walikuwa wamekubaliana kwa hiari yao, fuo sita kwa pamoja, kutovua kwenye Fungu la Tewa, mwamba ulio baharini mbele yao, kwa sababu samaki walikuwa wanaisha. Kila mwezi, kila ufuo, mpimaji mmoja angepima tafi, samaki wa kitoweo wa huko, walionaswa kando ya Fungu hilo. Hesabu zingepelekwa kwa Daktari Ann. Sharti lilikuwa limepigiwa mistari miwili: *Nusu ya tafi wakifika sentimita ishirini, wameshazaa mara moja, Fungu lifunguliwe. Wasipofika, lisifunguliwe.* Miaka miwili na nusu watu walikaa wanalitazama. Januari 2007, Daktari Ann alikuja na karatasi. Nusu ya tafi wamefika sentimita ishirini na robo. Fungu likafunguliwa kwa kura.

Roda aliandika pembeni mwa daftari: ishirini na robo, toa mbili. Kumi na nane na robo.

Hawakuwa wamezaa.

Karatasi ya mwisho katika faili ilikuwa ya mwezi wa tatu mwaka huo, imetumwa kutoka Jiweni. Ilikuwa na mstari mmoja tu kuhusu Fungu: *Hakuna kitu. Hata wa mchuzi.*

Alimaliza chai. Mandazi aliyafunga kwenye gazeti akayatia mkobani, na yalikaa humo mpaka Jumanne.

Kituoni Kajiado, Kakuta aliletwa kutoka seli akiwa peku, shuka begani. Alikuwa na miaka kama hamsini, mrefu, na hakuonekana kuwa na haraka ya kwenda popote.

"Takwenya," alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," Roda alijibu. "Keti. Wewe na Lazarus mligombana."

"Aliweka waya hatua nane ndani ya shamba yangu. Nikang'oa. Akaweka. Nikang'oa. Tulikuwa tungoje watu wa kupima ardhi. Hiyo ni kugombana, si kuuana."

"Jumatano mchana ulikuwa wapi?"

"Kwa barabara ya kwetu. Nikisukuma gari."

Roda aliinua macho kutoka kwenye karatasi. "Gari ya nani?"

"Ya mwanamke. Ndogo, nyeupe. Ilikwama kwa matope ikitoka kwa Lazarus. Nikakata matawi nikaweka chini ya tairi, nikasukuma mpaka ikatoka. Shuka yangu ikachafuka, hii hapa." Alionyesha upindo. Tope lilikuwa limekauka, jeusi.

"Saa ngapi?"

"Ng'ombe walikuwa wanaenda maji. Saa tisa, hivi."

"Ungemtambua?"

"Mkikuyu, miwani, nywele fupi. Hakuongea mengi. Alisema asante, mara nyingi kuliko inatakiwa. Kwa kiti ya nyuma kulikuwa na mbao imefungwa kwa leso. Kulikuwa na namba ya manjano kando yake."

Roda aliweka kalamu chini. "Kakuta, uko hapa tangu jana. Umeandikisha maelezo kurasa tatu. Kwa nini hii haimo?"

Kakuta alimtazama bila hasira yoyote.

"Waliniuliza juu ya mpaka," alisema. "Hakuna aliniuliza juu ya mwanamke."

Roda aliandika maelezo upya, akayasoma kwa sauti, Kakuta akatia kidole gumba. Kisha akapeleka karatasi kwa Wanyama. Wanyama aliisoma akiwa amesimama, akasema "Sawa," akampigia askari wa seli simu amrudishie Kakuta viatu vyake.

Jumamosi saa nane mchana, Daktari Ann Wanjira alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, miwani, nywele fupi zenye mvi, sweta la kijivu. Nyumba yake ilikuwa mojawapo ya zile mpya za Kitengela, zote sare, lango jeusi na ukuta wa mawe. Gari dogo jeupe lilikuwa limeegeshwa mbele ya dirisha. Lilikuwa limeoshwa, ila ndani ya matao ya magurudumu tope jeusi lilikuwa bado limekaa, na baadhi ya vijani vya mti wa mgunga vimo.

"Ingia, madam," alisema. "Nilikuwa nangoja mtu aje."

Walikaa. Hakuna aliyetaja chai. Roda alitoa kile kipande cha mbao, akakiweka mezani, namba zikitazama juu.

Ann alikitazama. "Hicho sikukiona. Alikuwa ameniambia tu. Nilifikiri kiko na ubao."

"Ubao uko wapi?"

"Chumba cha vitabu. Nyuma ya mlango. Hujaniuliza kama nilienda Kisaju."

"Uko na tope kwa gari, na kuna mtu alikusukuma. Nikuulize nini?"

Ann alivua miwani akaishika mapajani. Roda alifungua daftari, akaandika tarehe, akamweleza kwamba hana lazima ya kusema neno, na kwamba atakalosema litaandikwa. Ann aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikiliza habari za hali ya hewa.

"Ni mimi nilichora ile picha," alisema. "Sikuchora kichwa kikae wapi. Nilidhani kila mtu anajua namba inaanzia hapo. Miaka miwili na nusu nimepokea karatasi zao. Vipimo elfu kumi na moja. Nilivikagua kila mwezi. Nilitafuta kama kuna mtu anabuni namba, na hakukuwa. Walikuwa wanapima kwa uaminifu kabisa. Hakuna aliyeangalia kichwani, macho yote yalikuwa mkiani."

"Lazarus alikuja kwako."

"Wiki mbili zilizopita. Alitaka niandike barua kwa kamati zote sita. Iseme Fungu lilifunguliwa kabla ya wakati kwa kosa letu. Aliandika mwenyewe mwanzo wake, akaniletea. Nikamwambia anipe mpaka mwisho wa mwezi."

"Kwa nini mwisho wa mwezi?"

"Kulikuwa na mkutano Mombasa. Wilaya zingine zilikuwa zinataka kufunga mafungu yao kwa sharti lile lile. Jiweni ndiyo ilikuwa mfano. Ningesimama pale nikisema nini?" Aliweka miwani mezani, kando ya kile kipande. "Jumatano akanipigia. Akasema hawezi kungoja, anapanda basi Alhamisi kwenda Jiweni, anaenda na ubao awaonyeshe. Nikaenda kumwomba. Alikuwa nje, amefungua tangi, anapima maji kwa fimbo. Ubao ulikuwa umeegemea ukuta, tayari kwa safari. Niliuchukua. Akaushika upande wa pili. Hakunisukuma, wala mimi sikumsukuma. Tulivutana tu. Halafu akauachilia."

"Akauachilia, au ukamponyoka?"

"Sijui. Alirudi nyuma hatua moja. Hapakuwa na mahali pa kukanyaga. Kichwa kiligonga ukingo."

Roda aliandika. "Halafu?"

"Nilimwita. Mara tatu. Hakuitika, hakukuwa na mwendo kwenye maji. Alikuwa ameshakufa."

Roda alifungua ukurasa mwingine.

"Nikachukua ubao. Nilipofika kwa gari nikarudi, nikafunika tangi." Ann aliuma mdomo wa chini, kisha akauachia. "Nilifikiri mtoto wa mtu anaweza kupita pale, atumbukie."

Nje, jirani alikuwa anapiga zulia vumbi. Mapigo yalikuja sawasawa, kama saa. Ann aliyasikiliza mpaka yakaisha.

"Alikuwa amekufa, siyo?" aliuliza. "Pale nilipomwita."

"Alikuwa anapumua," Roda alisema. "Maji yalikuwa mapafuni."

Ann aliitikia kwa kichwa tena. Aliomba kubadilisha viatu. Roda alisimama mlangoni mwa chumba cha kulala akimtazama akifunga kamba, mguu mmoja, halafu wa pili. Ubao ulikuwa nyuma ya mlango wa chumba cha vitabu, kama alivyosema, ungali ndani ya leso. Roda aliupima kwa rula yake kabla ya kuuandika kwenye orodha ya vielelezo. Pale kichwa kilipokuwa, mbao ilikuwa tupu, nyeupe. Utepe ulianzia mbili.

Jumatatu Ann alisomewa mashtaka, na Evalyne akaruhusiwa kumchukua mumewe. Alasiri Roda alitafuta namba ya simu iliyokuwa ndani ya faili ya kijani, ya mwenyekiti wa wavuvi wa Jiweni, Mzee Mwarandani. Alihitaji mtu wa kuthibitisha kwamba ule ubao ndio uliotumika ufuoni.

Simu ilipokelewa na sauti kavu, ya utaratibu. Roda alijitambulisha, akaeleza habari za kifo, kisha za ubao, kwa mpangilio huo. Mzee alirudia maneno ya kifo kwa sauti ndogo, akamwombea marehemu. Kuhusu ubao, alitaka hesabu kwanza.

"Sentimita ngapi, mama?"

"Mbili."

"Kila samaki?"

"Kila samaki."

"Basi alisema kweli," Mwarandani alisema.

"Nani?"

"Palikuwa na mzee mwenzetu hapa, Kombo Mwadzaya. Siku ile ya kura ya kulifungua Fungu alisimama akasema tafi hawajafika. Sisi twamuuliza wajuaje, yeye atuonyesha kiganja. Asema nimepima kwa hiki tangu ujana wangu, na hiki hakijakua. Watu wakamcheka. Tukamwambia ubao wa serikali hausemi uwongo, wewe wataka kututia njaa mwaka mwingine. Yakawa maneno makubwa. Mwisho twamtoa kwenye chama, na leseni yake ya kuvulia hatukuitilia sahihi tena."

"Yuko wapi sasa?"

"Alihama na wanawe. Wasema yuko upande wa Tanga. Sina namba yake."

Roda aliandika jina hilo, akamwomba amtajie herufi. Mzee alimtajia, moja moja.

"Kumtoa ilikuwa kwa kura?" aliuliza, kwa sababu karatasi ya mkutano huo haikuwa kwenye faili, na alitaka kujua kama kuna karatasi nyingine ya kutafutwa.

"Kwa kura. Kwa kunyosha mikono. Mimi ndiye niliyehesabu."

"Mikono mingapi?"

"Yote, mama," Mzee Mwarandani alisema. "Na wa Lazarus ndio uliotangulia."